Omba Kwanza, Ndipo Ujibu

Katika Nehemia 2:4 mfalme anauliza, Nehemia anaomba, kisha ndipo anajibu. Ombi fupi, pale pale aliposimama.

Sisi wa Mishomoroni tunapita Kengeleni kila siku. Karne ya 19 kengele ile ya Frere Town iliwaonya watumwa walioachwa huru wajihadhari. Siku hizi kengele yetu ni mlio wa simu. Ujumbe wa michango ya sare ukiingia kwenye grupu usiku, vidole vinawasha! Waimbaji wawili wa besi wametuacha kwa majibu ya namna hiyo, wala si kwa deni.

Basi tumekubaliana: omba kwanza, ndipo uandike. Anayedaiwa aulizwe pembeni. Wenzetu hao tutawatembelea Jumamosi baada ya mazoezi, na daftari la michango libaki kanisani.