Jua Kali, Kazi ya Kujitolea na Mtoto Aliyebaki Nyumbani

Nawasalimu akina mama, akina nyanya na wote mnaolea watoto, kuanzia hapa Habaswein mjini hadi maboma ya mbali upande wa Lorian. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo tumzungumzie yule mama anayepiga hodi kwako akiwa na mkoba mgongoni na daftari mkononi. Tangu mpango wa afya ya jamii uanze nchini mwaka wa 2006, tumemjua kama mhudumu wa kujitolea. Mwaka wa 2023 serikali ilimpa jina jipya, mhamasishaji wa afya ya jamii, na mkoba wa vifaa. Lakini miguu ni ile ile na jua ni lile lile. Anatakiwa kuangalia nyumba zipatazo 100. Nairobi nyumba 100 zinaweza kuwa jengo moja au mawili. Kwetu hapa hiyo ni safari.

Jina la mji wetu lenyewe linatokana na vumbi, nanyi mnajua. Wakati wa jilaal, kati ya Januari na Machi, joto hupita nyuzi 35, na hata upepo ukivuma ni kama umetoka jikoni.

Nitawapa kisa kimoja, na jina la mwenyewe nitaliacha. Ulikuwa wakati wa ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo. Mhudumu mmoja, mama wa mtoto wa miezi minne, alitoka kwake saa tatu asubuhi. Hakubeba maji. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, "Dada, nitaombaje maji katika nyumba yenye mtungi mmoja? Na nikibeba yangu, nitakunywaje mbele ya watoto wenye kiu?" Sikuwa na jibu. Kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa kuwa ndimi niliyeandika ile ratiba ya kutembelea nyumba, nikiwa nimekaa kivulini.

Kufika saa sita kichwa kilimgonga, miguu ikakaza misuli, na tangu asubuhi hakuwa amekwenda haja ndogo. Alikaa chini ya mgunga akaona ardhi inazunguka. Mama wa boma la karibu ndiye aliyemwona, akamvuta kivulini, akamlegeza nguo, akamlowesha shuka kichwani na kumpepea, kisha akampa maji kidogo kidogo. Mama yule hakuwa amesoma popote, lakini alifanya sawasawa. Nyongeza yangu ni hii: mtu wa jua akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au akizimia huku mwili unawaka, usimtie kitu mdomoni. Mloweshe, mpepee, na mtafute gari la kumfikisha hospitali mara moja.

Wakati huo huo kule nyumbani, mtoto alikuwa akilia. Nyanya yake aliona midomo imekauka, akamhurumia, akachota maji ya mtungi, akatia sukari, akampa. Siku ya pili mtoto aliharisha. Siku ya tatu waliniletea. Macho yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, na nilipoifinya ngozi ya tumbo ilirudi polepole.

Mama mpendwa, na wewe nyanya, nisikilizeni hapa. Mtoto ambaye hajafika miezi sita hahitaji maji, hata Habaswein, hata mwezi wa pili. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji. Joto likizidi, dawa yake ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Anayehitaji maji mengi ni mama mwenyewe, kwa hiyo ukimhurumia mjukuu wako, mpe mama yake kikombe.

Ikiwa mama anatoka kazini, akamue maziwa asubuhi kwa mikono iliyonawiwa na sabuni, yawekwe katika kikombe safi chenye kifuniko, pahali penye ubaridi. Kwa joto letu nasema yasipite muda wa saa mbili au tatu. Mnyweshe mtoto kwa kikombe. Chupa ya kunyonya ni ngumu kusafisha mahali penye uhaba wa maji.

Mtoto wetu yule alipewa ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, huku akiendelea kunyonya. Alitapika, tukangoja dakika kumi, tukaanza tena. Jioni alikojoa. Sijawahi kufurahia kitambaa kilicholowa kama siku ile. Alirudi nyumbani na vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Kuna jambo moja la hapa kwetu. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Wengine hufikiri hayo tayari ni dawa ya kuhara. Siyo. Pakiti ya ORS imepimwa chumvi yake, na ukiichanganya na maji ya chumvi kali unaizidisha. Tafuta maji yasiyo na chumvi, ya mvua ukiwa umeyahifadhi, yachemshe au uyatie dawa ya kutibu maji, na usome pakiti: nyingine ni ya nusu lita, nyingine ya lita nzima. Mtoto asipoweza kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea au akitoa damu kwenye choo, usingoje kesho. Njoo naye, ukimnyonyesha njiani.

Kuhusu wahudumu, ratiba tulibadilisha. Sasa wanatoka saa kumi na mbili asubuhi, saa nne wako kivulini, na wanaendelea baada ya saa kumi jioni. Kila mmoja abebe chupa yake, anywe kabla ya kiu, na mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi ajue amechelewa. Wenye watoto wachanga wanapewa nyumba za karibu na kwao.

Nawe unayemkaribisha, mpe kivuli kabla ya kumpa habari. Akitoa chupa yake akanywa, usimwone mchoyo. Na kama ana mtoto mgongoni, mwekee mkeka anyonyeshe kwanza, daftari litangoja.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia maziwa ya ngamia na sababu ya kuyachemsha. Wengine mtanikasirikia, najua. Hadi wakati huo, kwaherini.