DINI ISITIWE KATIKA UGOMVI WA MAMLAKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa visiwani waishio Tabora, mtaa wa Mtendeni)



Twazungumza katika mji wa misafara. Waarabu waliopiga kambi Kazeh kiasi cha mwaka 1852 wengi wao asili yao ni Omani. Mtemi Mnywa Sere alipowatoza ushuru, walimwondoa wakamtawaza Mkasiwa. Naye akapigana nao hata alipouawa mwaka 1865. Haikuwa vita ya dini ile. Shina lake lilikuwa ushuru na mamlaka.

Na huko Omani kwenyewe mambo yalikuwaje? Wako wasemao kuwa ugomvi wa Imamu na Sultani ulikuwa wa madhehebu. La, hasha! Wote wawili walikuwa Ibadhi. Mwaka 1913 maulamaa na masheikh wa bara ya Omani walimchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu, na Wahinawi na Waghafiri, mahasimu wa tangu karne ya 18, wakamuunga mkono pamoja. Walilokataa ni utawala wa Maskati uliosimama kwa nguvu za Waingereza. Mwaka 1915 walipoukabili mji huo, walirudishwa na askari wa Kihindi wa Mwingereza.

Mwaka 1920 ulifanywa Mkataba wa Sib. Na miongoni mwa masharti yake, ushuru wa bidhaa zitokazo bara usizidi asilimia 5! Basi hayo ndiyo yaliyogombewa.

Amani ile ilidumu miaka 34. Alipofariki Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili mwaka 1954, na mafuta yakitafutwa huko bara, Sultani Said bin Taimur aliona mkataba haumfai tena. Mwaka 1955 majeshi yake yaliingia Nizwa. Mwaka 1957 wenyeji waliinuka, ndege za Kiingereza zikawapiga. Na Januari 1959 Jabal Akhdar likaanguka.

Ndugu zetu, sisi wa visiwani karibu sote ni Waislamu, walakin umoja huo wa dini haukuzuia roho 68 kupotea katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961. Na katika kura ya maoni ya mwaka 2010, asilimia 66 walikubali serikali ya umoja pasina kuulizana madhehebu.

Kwa hiyo twawausia mambo mawili. Kwanza, akitokea mtu wa upande wowote, hata wa kwetu, akataka kuugeuza msikiti kuwa jukwaa, tumkatalie. Madai yetu ni ya haki, na haki haina madhehebu. Pili, tusiridhike na sahihi peke yake. Ahadi ni deni, na deni lisilo mashahidi wala sheria, mwenye nguvu hulikana siku aonapo faida.

Wabillahi tawfiq.