Askari na Sababu ya Lindo Lake



Amri humwambia askari asimame wapi. Kwa nini asimame hapo, hilo ni jukumu la kiongozi kumweleza.

Tazameni Osukuru, wilayani Tororo. Vilima vyake vina mawe ya fosfeti, na mwaka 2018 kilizinduliwa huko kiwanda cha mbolea. Mlinzi aliyeambiwa tu alinde lango atahesabu saa za zamu. Aliyeelezwa kwamba analinda rutuba ya shamba la mkulima, pengine la mama yake mzazi, hahitaji kusimamiwa.

Ndivyo ilivyo na mpakani Busia. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja, ili msafiri asimame mara moja tu, upande anaoingia, na kuhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili. Askari asiyeijua shabaha hiyo humchelewesha mchuuzi wa samaki akidhani ndiyo bidii, na samaki wakaoza.

Basi, makamanda, katika gwaride la asubuhi msiishie kugawa malindo. Elezeni na sababu yake. Na askari asiyeelewa aulize kwa adabu. Kuuliza si uasi.