Kinyesi cha Tembo na Pori la Rungwa

(Hotuba kwa Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme juu ya sayansi na wanyamapori. Nitasema juu ya kinyesi cha tembo. Chekeni kwanza, kisha tuendelee.

Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Hesabu ya 2014 ilikuta 43,000 hivi tu. Pembe zilikamatwa bandarini kwa tani, nyingine huko Asia, lakini mahali pa kukamatia sipo mahali pa kuulia. Askari wangepelekwa pori gani?

Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Kinyesi cha tembo hutoka na chembe za utumbo wake, na ndani yake mna vinasaba. Tembo majike hukaa na ukoo wao, kwa hiyo alama za urithi za tembo wa huku hutofautiana na za wale wa mbali. Profesa Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walikusanya sampuli za nchi 29 za Afrika, wakachora ramani. Kipande cha pembe iliyokamatwa husagwa kikiwa kimegandishwa, maana joto huharibu vinasaba, kisha hulinganishwa na ramani ile. Kipimo huweza kukosea kwa kilometa 300 hivi, karibu na mwendo wa hapa Singida hadi Arusha. Kwa bara zima, si haba.

Matokeo yalitolewa mwaka 2015, baada ya kupima shehena 28. Pembe nyingi za tembo wa nyika zilitoka kusini-mashariki ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Lakini kuanzia 2011 mauaji yalisogea kuelekea Ruaha na Rungwa. Rungwa hiyo ndugu zangu, ni ya kwetu, hapo Manyoni!

Maana yake wauaji hawakutapakaa kila mahali. Walirudia mapori machache, na mapori machache yanaweza kulindwa. Udhaifu ni kwamba ramani husema tembo akisha kufa. Ndiyo maana nasema shehena ikikamatwa, sampuli zipelekwe maabara upesi, zisilale ghalani zikingoja saini. Sisi wa maofisini tunaelewa.

Vijana wa Baiolojia wenye maswali wanione wakati wa chai.