Mbwa Mswaga Ng'ombe: Tabia na Matunzo Yake



Leo nawaletea habari za mbwa wa Australia ambaye kazi yake ni kuswaga ng'ombe. Mfugaji Thomas Hall wa New South Wales, katika miaka ya 1840 hivi, alichanganya mbwa wa wachungaji wa Uingereza na dingo, yaani mbwa-mwitu wa Australia, ili apate mbwa mwenye kustahimili jua na safari ndefu. Hall alipofariki mwaka 1870, mbwa hao walienea kwa wafugaji wengine.

Mbwa huyu si mrefu. Kimo chake ni sentimita 43 mpaka 51, lakini mwili wake ni imara. Manyoya yake ni mafupi, ya tabaka mbili: ya juu magumu, yenye kuzuia mvua, na ya ndani laini. Watoto huzaliwa weupe, na rangi yao huja baadaye. Ng'ombe akiwa mkaidi, humwuma kisigino, kisha hulala chini upesi ili teke lisimpate.

Kuhusu matunzo, manyoya hayana taabu. Brashi mara moja kwa juma yatosha. Jambo kubwa ni kazi. Mbwa huyu akifungwa mnyororo kutwa, atatafuna vitu na kuchimba ua; tena akifunguliwa, huenda akawaswaga watoto wanaokimbia na kuwauma visigino. Hapo kosa si la mbwa, bali la bwana wake. Hana budi kufundishwa tangu udogo, na kupewa kazi au mbio kila siku.

Tena, baadhi yao huzaliwa viziwi, hata wa sikio moja tu. Basi mwenye kununua amwombe daktari wa wanyama apime masikio yote mawili.

Nasi wafugaji wa Kenya, mbwa wetu wawe wa aina yo yote, tusisahau mambo mawili. La kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwani maradhi hayo yakisha kumdhihirikia mtu, ni nadra sana kupona. La pili, tusiwape mbwa maini wala mapafu mabichi yenye vifuko vya maji. Humo mna vijidudu vya tegu ambaye mayai yake, yakitoka kwa mbwa, humdhuru binadamu.

Mbwa mmoja wa aina hii, jina lake Bluey, alifanya kazi ya mifugo karibu miaka 20, akafa mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka 29. Atunzaye mtumishi wake hufaidi utumishi wake.