Tuzo za mahudhurio shuleni

Nchini Uingereza, shule nyingi humtunuku cheti au zawadi mwanafunzi asiyekosa hata siku moja. Watetezi wana hoja: asiyefika darasani hukosa masomo, na pongezi hujenga mazoea. Lakini, na hapa ndipo penye uzito, mtoto mdogo hajipeleki shule peke yake. Mwenye pumu au selimundu hulazwa hospitalini. Mwingine hucheleweshwa na mzazi. Hao huketi wakiwapigia makofi wenzao, kana kwamba kuugua ni utovu wa nidhamu. Isitoshe, utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 15,000 wa California ulionyesha kuwa waliotunukiwa bila kutarajia, mahudhurio yao yalipungua baadaye. Je, shule itapongezaje juhudi bila kumuumiza mgonjwa?