Kabla hamjachangisha besi mpya

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunaujua ukweli wa maneno hayo kuliko watu wengi. Mtumbwi unaoingiza maji hautupwi. Huvutwa ufukweni, fundi akaukagua, akaziba nyufa kwa kalafati, na baada ya muda si mrefu ukarudi majini. Sijapata kusikia wavuvi wakiitisha mchango wa mtumbwi mpya kabla fundi hajautazama ule wa zamani.

Katika muziki mambo huenda kinyume. Gitaa likianza kukwaruza, au likitoa sauti isiyopatana na wenzake, utasikia neno moja tu: "Bovu hilo." Kamati inaitwa, bahasha zinapitishwa, na gitaa jingine linaagizwa. Mazungumzo yangu ya leo yanahusu gitaa la besi, na ombi langu ni dogo. Kabla hatujachangisha fedha za besi mpya, tujiulize kama hii tuliyo nayo imewahi kurekebishwa hata mara moja.

Pengine mtauliza kwa nini nimechagua besi. Nimeichagua kwa sababu ndicho chombo kinachosahauliwa kuliko vyote. Mashabiki humtunza mwimbaji, humshangilia mpiga solo, na mpiga besi husimama nyuma karibu na ngoma kama mtu aliyekuja kusindikiza. Hata hivyo besi ndiyo inayomwambia mchezaji mguu autue wapi. Wapenzi wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, wakimtaja marehemu Suleiman Mwanyiro hawamtaji kwa kuimba. Wanamtaja kwa besi yake iliyowabeba wenzake wote.

Nasi watu wa redio tunalo la kuongeza. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi ukipigwa mtupu hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya redio ya mkononi haiwezi kuitoa sauti nzito kiasi hicho. Mnachokisikia ninyi mlioko majumbani ni zile sauti za juu zinazofuatana nayo, na sikio lenyewe hujaza iliyobaki. Kwa hiyo besi iliyorekebishwa vibaya hupoteza hata hicho kidogo, na wimbo mzima ukabaki kama uji usio na chumvi.

Mwezi uliopita nilikaa nusu siku katika kibanda cha fundi mmoja hapa Mabatini. Kazi yake hasa ni kutengeneza redio na amplifaya, lakini ujana wake aliupitisha katika bendi, na wapiga magitaa wengi wa mji huu wanamfahamu. Akaingia kijana mmoja wa kwaya amebeba besi mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Kijana alionyesha kwanza vidole, si gitaa. Vilikuwa vimevimba, kimoja kimechubuka. Akaeleza kwamba nyuzi ni ngumu kuzikandamiza, na kwamba akipanda kupiga sauti za juu wanakwaya wanamgeukia kwa sababu anawatoa nje ya wimbo. Kamati ilikwishaanza kuchangisha fedha za gitaa jipya. Wakati zikisubiriwa, alikuwa ameambiwa apumzike, besi itapigwa kwa kinanda. Alikuwa amekuja kuuliza kama fundi angelinunua gitaa hilo kwa vipuri.

Fundi hakujibu. Alilishika gitaa, akaitazama shingo yake kutoka kichwani kuelekea chini, jicho moja amelifumba, kama seremala anavyotazama ubao. Kisha akasema, "Mwanangu, hili halijafa. Limepinda tu."

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo penye somo. Nyuzi nne za besi zikikazwa sawasawa, kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80, sawa na mfuko mmoja na nusu wa saruji. Shingo ni mti, na mti hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi. Gitaa linalolazwa chini ya bati hupikwa mchana na kupozwa usiku. Kutokana na hayo shingo hujikunja polepole mfano wa upinde, nyuzi zikanyanyuka juu, na vidole vikaumia. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana ndani ya shingo nyingi za besi waliweka chuma kirefu cha kupingana na mvuto wa nyuzi. Watu wengi wamepiga besi miaka kumi bila kujua kwamba chuma hicho kipo.

Fundi alianza kwa kufunga nyuzi mpya na kuzityuni, kwa maana shingo haipimwi ila ikiwa imebeba mzigo wake halisi. Akaukandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na tena pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Halafu akapima nafasi iliyobaki katikati, karibu na freti ya 8. Kipimo alichotumia ni kile cha mafundi wa magari cha kupimia nafasi ya plagi. Inatakiwa iwe karibu sehemu 3 au 4 za kumi za milimita. Hii ilizidi milimita moja. Akachukua ufunguo mdogo wa pembe sita, uliopinda mfano wa herufi L, akakikaza kile chuma robo mzunguko, akasubiri, akatyuni, akapima tena. Akarudia. Kila mara alikuwa akimwambia kijana, "Robo tu. Kikikataa, acha. Kukilazimisha ni kukikata, na kikikatika ndipo utachangisha kweli."

Shingo ilipokaa sawa, alishuka kwenye briji, yaani kile chuma cha chini kinachobeba nyuzi. Kila uzi una kitako chake chenye skrubu ndogo za kuupandisha na kuushusha. Akaziteremsha nyuzi hadi zikawa juu ya freti ya 17 kwa milimita 2 hadi 2 na nusu. Alimwuliza kijana kwanza anapiga kwa nguvu au kwa upole, maana uzi ukishushwa mno na mpigaji ana mkono mzito, utagonga freti na kukwaruza. Ndiyo kusema hakuna kipimo kimoja cha watu wote. Kanzu ya mrefu haimfai mfupi.

Likabaki lile la kuwatoa wanakwaya nje ya wimbo. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, na sauti yake inatakiwa iwe ileile ya uzi mtupu, ila juu kwa oktavu moja. Kama inazidi kupanda, uzi ni mfupi, na kitako hurudishwa nyuma. Kama inapungua, uzi ni mrefu, na kitako husogezwa mbele kuelekea shingoni. Kijana alikuwa na programu ya kutyunia katika simu yake, fundi akamwambia aishike na kusoma mwenyewe. Nyuzi tatu kati ya nne zilikuwa zimepanda. Kwa maneno mengine, yule kijana alikuwa akibonyeza mahali sahihi, na gitaa likimjibu uongo.

Mwisho fundi alisawazisha zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinazonasa mtetemo na kuupeleka kwenye amplifaya. Zikikaribia mno, huvuta nyuzi na sauti ikayumba. Zikiwa mbali mno, sauti hudhoofika. Kazi yote ilichukua kama saa mbili. Bei ya nyuzi na malipo ya fundi kwa pamoja hayakufika sehemu ya kumi ya fedha zilizokuwa zinachangishwa.

Kijana alilipiga, akasimama, akaliangalia. "Mzee, ni lilelile?"

"Ni lilelile."

Sasa nisieleweke vibaya. Si kila gitaa hupona. Shingo iliyojisokota kama kamba, freti zilizolika mpaka zikabaki mabonde, au chuma cha ndani kilichokatika, hayo ni maradhi makubwa. Aidha, vyombo vya bei rahisi vina kikomo chao. Lakini atakayekwambia kwamba ugonjwa ni mkubwa ni fundi baada ya kupima. Mjumbe wa kamati aliyesikia tu mkwaruzo kutoka benchi la nyuma hana kipimo hicho.

Tujiulize basi, kwa nini mazoea haya yametukaa? Nadhani sehemu ya jibu imo katika historia ya bendi zetu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi yao, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Mpango huo ulitupatia muziki ambao mpaka leo tunajivunia, kwa sababu mwanamuziki wa kawaida asingeweza kujinunulia gitaa na amplifaya. Lakini mpigaji akihamia bendi nyingine aliliacha gitaa nyuma, na aliyelipokea hakujua historia yake. Kisha ikaja miaka ya 1980, fedha za kigeni zikawa adimu na nyuzi zikawa adimu zaidi. Wanamuziki wa siku nyingi husimulia jinsi watu walivyofunga waya za breki za baiskeli mahali pa nyuzi za besi. Ulikuwa ujasiri wa kusifiwa, ila waya hizo zilitafuna freti, na sauti haikukaa.

Leo nyuzi zinapatikana, na vipimo vimo hata ndani ya simu. Kilichobaki kutoka siku zile ni tabia ya chombo kuwa cha wote na kulelewa na hakuna. Gitaa la kanisa, la shule, la kikundi cha vijana, kila Jumamosi linashikwa na mkono mwingine, linaegemezwa ukutani, na hakuna anayeulizwa.

Ushauri wangu kwa wenye kamati ni huu. Mteueni mtu mmoja awe mlezi wa vyombo. Mpeni bisibisi, ufunguo wa chuma cha shingo, kile kipimo cha plagi, na daftari la kuandika tarehe ya kubadilisha nyuzi. Tengeni fedha kidogo ya nyuzi kila mwaka. Mara mbili kwa mwaka, mvua zikianza na kiangazi kikianza, gitaa lipimwe. Lisilazwe chini ya bati lenye jua wala kusimamishwa kwenye sakafu yenye unyevu. Na fundi alipwe. Fundi anayeambiwa "Mungu atakulipa" kila mwezi atafunga kibanda, na ujuzi wake utaondoka pamoja naye.

Kwenu vijana mnaojifunza, kidole kikiuma baada ya wiki ya kwanza, hiyo ni kawaida. Kikiuma baada ya mwaka, usijilaumu wala usiuze gitaa. Nenda kapime. Wapo wangapi waliokwishaacha muziki wakiamini hawana kipaji, kumbe uzi ulikuwa juu kwa milimita mbili tu?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wanaojengeshwa ukuta huo ni waumini na wazazi wale wale tunaowapelekea bahasha.

Kwa leo naishia hapo, ndugu wasikilizaji. Nawatakia juma jema.